Bei ya korosho huamuliwa kabla barua hazijafunguliwa

Siku ya mnada wa korosho kule Tandahimba au Newala, kwa miaka mingi wakulima walikusanyika kusikiliza barua za zabuni za wanunuzi zikisomwa. Utaratibu huo umejengeka tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS inazisafirisha hadi ghala kuu, chama kikuu cha ushirika kinatangaza tani zilizopo, na kila mnunuzi anaandika bei anayotoa na tani anazozitaka. Aliyeandika bei kubwa anahudumiwa kwanza, kisha anayemfuatia, mpaka mzigo uishe. Ndiyo maana jioni yake redio hutangaza "bei ya juu" na "bei ya chini", si bei moja. Misimu ya karibuni zabuni zimehamia kwenye kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Bei ikitoka ndogo, lawama huwaangukia wanunuzi: wana ulafi, wanamnyonya mkulima. Uchungu huo nauelewa, kwa sababu korosho moja inabeba ada ya shule, dawa ya salfa na bati la nyumba. Lakini mnunuzi ana tamaa ile ile mwaka wa bei nzuri na mwaka wa bei mbaya. Tukitaka kujua kwa nini mwaka huu ameandika kidogo, tutazame alikuwa anashindana na wangapi, alijua nini kuhusu mzigo, na kanuni za mnada zilimruhusu kufanya nini. Hayo yote yameshapangwa kabla barua ya kwanza haijafunguliwa.

Kuna tawi la hisabati linaloshughulika na mambo ya namna hii, nadharia ya michezo. "Mchezo" hapa ni hali yoyote ambayo nitakachopata mimi kinategemea uamuzi wangu na uamuzi wako kwa pamoja, na kila mmoja wetu anajua kwamba mwenzake naye anapiga hesabu. Mnada ni mchezo wa aina hiyo hasa.

Tuingie kwanza kwenye kichwa cha mnunuzi. Chukua mfano niliourahisisha ili hesabu ikae mkononi: unanadiwa mzigo mmoja, bahasha zimefungwa, anayeandika bei kubwa anachukua na kulipa alichoandika. Kila mnunuzi ana ukomo wake, yaani bei ambayo akiivuka anapata hasara, na ukomo huo unaweza kuwa popote kati ya shilingi 3,000 na 4,000 kwa kilo. Mnunuzi wetu ukomo wake ni 4,000. Aandike ngapi?

Akiandika 4,000 anaweza kushinda, lakini hana faida hata senti. Kila shilingi anayopunguza inamwongezea faida akishinda, na papo hapo inampunguzia nafasi ya kushinda. Hawezi kupima hatari hiyo bila kuwafikiria wenzake, na wenzake nao wanamfikiria yeye. Jibu linapatikana pale ambapo hakuna hata mmoja atakayefaidika kwa kubadilisha barua yake peke yake. Kwa mfano wetu, wakiwa wanunuzi wawili, mwenye ukomo wa 4,000 ataandika 3,500. Wakiwa watano ataandika 3,800. Wakiwa kumi, 3,900. Ni mtu yule yule, mwenye mfuko ule ule na soko lile lile kule anakopeleka mzigo, na shilingi 400 kwa kilo zimetokana na idadi ya watu waliokuja kushindana naye.

Kupunguza huko si utapeli. Kanuni ikisema utalipa ulichoandika, kila mwenye akili atabana bei yake. Mwaka 1961 William Vickrey, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha uchambuzi wa mnada wenye kanuni tofauti: aliyeandika bei kubwa ashinde, lakini alipe bei ya yule aliyemfuatia. Ukiisikia mara ya kwanza unaona mwuzaji anajiibia. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi. Barua yako haipangi tena bei utakayolipa, inaamua tu kama utapata mzigo au hutapata. Ukiandika zaidi ya ukomo wako, unaweza kushinda kwa bei ya kukutia hasara. Ukiandika chini yake, unaweza kukosa mzigo ambao ungekupa faida. Kilicho bora ni kuandika ukomo wako halisi bila kujali wengine wanafanya nini. Vickrey alitangaziwa Tuzo ya Nobel Oktoba 1996, akafariki siku tatu baadaye.

Je, mwuzaji amepoteza kwa kupokea bei ya pili? Kwa wastani, hapana. Katika mfano wetu wa wanunuzi wawili, mnada wa bahasha wa kawaida unamletea mwuzaji wastani wa shilingi 3,333. Mnada wa Vickrey unamletea 3,333 hiyo hiyo, kwa sababu watu wameacha kubana. Mnada wa kupandishiana hadharani kwa sauti nao unafika hapo hapo. Kila kanuni inabadilisha tabia, na tabia inafidia kanuni. Jambo hilo hilo hujitokeza unapouza tani nyingi kwa watu wengi. Korosho zetu hulipiwa kila mtu alichoandika, na wapo wanaouliza kwa nini wote wasilipe bei moja, ile ya mshindi wa mwisho. Hazina ya Marekani ilipima njia hiyo kwenye baadhi ya hati fungani zake kuanzia 1992 na mwaka 1998 ikaihamishia minada yake yote. Kila upande una hoja zake, na mnunuzi mkubwa anaweza kuichezea njia ya bei moja kwa kuomba tani chache kuliko anazozihitaji ili bei ya mwisho ishuke. Sioni kama fedha kubwa ya mkulima imejificha hapo.

Imejificha kwenye idadi ya wanunuzi. Rudi kwenye mfano: wanunuzi wawili, wastani 3,333, watatu, 3,500, kumi, kama 3,818. Sasa linganisha na silaha ambayo watu huikimbilia kwanza, bei ya kikomo, ambayo chini yake mwuzaji hauzi. Tuseme mnada ukishindikana, korosho zile zina thamani ya shilingi 2,600 kwa mwuzaji, labda kwa kumwuzia mbanguaji wa ndani baadaye. Hesabu inaonyesha kikomo bora ni 3,300. Ukikiweka hapo mbele ya wanunuzi wawili, mara 9 kati ya 100 mzigo utabaki ghalani, na ukijumlisha yote wastani wako unapanda kutoka 3,333 hadi takriban 3,351. Umepata shilingi 18 kwa kikomo kilichopigiwa hesabu bila kosa. Mnunuzi wa tatu, bila kikomo chochote, angekuletea shilingi 167. Wanauchumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walithibitisha mwaka 1996 kwamba hili si bahati ya namba nilizochagua: chini ya masharti ya kawaida, kuongeza mshindani mmoja kunamfaa mwuzaji kuliko mbinu yoyote ya kuwabana wale alionao.

Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka Ulaya mwaka 2000, serikali ziliponadi masafa ya simu za kizazi cha tatu. Uingereza ilikuwa na leseni tano na kampuni nne ambazo tayari zilikuwa sokoni. Wabunifu wa mnada, Klemperer akiwa mmoja wao, waliona hatari mapema: mgeni angejua hawezi kuwashinda wenyeji, asingejisumbua kuja, na wenyeji wangegawana. Wakatenga leseni moja, tena ile kubwa kuliko zote, kwa ajili ya wageni peke yao. Wakaja washindani 13, na serikali ikaondoka na pauni bilioni 22.5. Miezi mitatu baadaye Uholanzi ikatumia mnada wa kupandishiana unaofanana na ule. Leseni tano, kampuni za nyumbani tano. Wageni wenye nguvu hawakuona sababu ya kupambana, wakajiunga na wenyeji. Akabaki mgeni mmoja dhaifu. Serikali iliyotarajia karibu euro bilioni 10 ikapata chini ya bilioni 3. Uswisi ilifuata mwishoni mwa mwaka huo: leseni nne, na washindani tisa wakaungana hadi wakabaki wanne mnada ukiwa umekaribia. Kwa kila mkazi, Uingereza ilipata kama euro 650, Uholanzi 170, Uswisi 20.

Uswisi inafundisha jambo la pili ambalo ni haki kulisema. Kikomo chake kilikuwa kidogo mno, na leseni ziliuzwa kwa bei ya kikomo hicho. New Zealand ilikuwa imeonja machungu hayo miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1990, iliponadi masafa kwa kanuni ya Vickrey bila kikomo chochote. Kampuni moja iliandika dola 100,000 za huko ikalipa dola 6. Nyingine iliandika milioni 7 ikalipa 5,000, kwa sababu bei ya pili ilikuwa hiyo. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Kwa hiyo wanunuzi wakiwa wachache na huna namna ya kuwaongeza, kikomo ndiyo ngao yako. Mbele ya mnunuzi mmoja ni ngao pekee.

Lakini ngao hiyo ina masharti yake. Hesabu ya kikomo bora inadhani mnunuzi akikataa hana pengine pa kwenda. Mnada wa chai wa Mombasa ulionyesha yanayotokea akiwa na pa kwenda. Julai 2021 Kenya iliweka kikomo cha dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema kabisa, maana bei ilikuwa imewaumiza wakulima wadogo. Ila Mombasa ni soko la kanda nzima, linalonadi pia chai ya Rwanda, Uganda, Burundi na ya makampuni binafsi ya Kenya, na hizo hazikufungwa na kikomo hicho. Mnunuzi aliyeona majani ya 2.43 hayamlipi aligeukia kwenye orodha ya mauzo ile ile, akachagua mengine. Chai nzuri iliendelea kununuliwa, ya kawaida ikarundikana maghalani msimu hadi msimu, na chai haiongezeki ladha kwa kukaa. Mwaka 2024 kikomo kiliondolewa.

Kusini mwa Tanzania kikomo kilikuja kwa njia nyingine. Oktoba 2018, baada ya msimu ambao bei ilikuwa imefika kama shilingi 4,000, barua zilifunguliwa zikiwa na bei chini ya 3,000. Wakulima wakakataa kuuza. Kwa lugha ya nadharia, waliweka kikomo kwa kura ya mikono, tena baada ya kuziona zabuni. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaenda kuzisomba. Wakulima wale nawaheshimu. Kukataa ni haki ya mwuzaji, na mwuzaji asiyeweza kukataa hana mnada, ana kodi. Shida ilikuwa kwamba kikomo hakikujulikana mapema. Mnunuzi aliyeweza kuandika 3,200 tangu mwanzo hakujua kwamba 2,700 itamkosesha kila kitu, na serikali ikaishia kushika mzigo wa zaidi ya tani 200,000 ikitafuta mnunuzi kwenye soko lile lile la Vietnam na India.

Sasa njama. Mifano yote ya juu inadhani kila mnunuzi anaandika barua yake peke yake. Mnada unaofanyika mara moja hauwapi wanunuzi muda wa kuaminiana. Mnada wa kila wiki kwa msimu mzima, mbele ya sura zile zile, unawapa. Leo nakuachia ghala hili, wiki ijayo utaniachia lile, na ukinisaliti nitakuharibia bei msimu mzima. Hawahitaji hata kukutana hotelini. Oktoba 1999 Ujerumani ilinadi vipande kumi vya masafa kwa kupandishiana, na kanuni ilisema kila zabuni mpya izidi iliyotangulia kwa angalau asilimia 10. Kampuni ya simu ya Mannesmann ikaanza kwa kuandika marki milioni 18.18 kwa kila megahertz, kipimo cha masafa, kwa kipande cha kwanza hadi cha tano, na milioni 20 kwa cha sita hadi cha kumi. Namba ya ajabu, mpaka uiongezee asilimia 10: inakuwa 20. Ujumbe ulisomeka. Mshindani wake, T-Mobile, ikapandisha vipande vitano vya kwanza hadi milioni 20, ikaviacha vingine kwa mwenzake, mnada ukafungwa baada ya raundi mbili. Kila mmoja na vitano vyake, kwa bei moja.

Hapa ndipo bahasha inapopata sifa yake. Katika mnada wa wazi, msaliti wa njama anaonekana papo hapo na anaadhibiwa papo hapo. Ndani ya bahasha anaweza kusaliti kimya kimya na kuondoka na mzigo. Kwa hiyo sanduku la barua lililotumika Mtwara, pamoja na sura yake ya kizamani, lilikuwa na kinga ndani yake.

Kinga hiyo inapungua tunaposoma hadharani kila jina na kila bei. Hili ni gumu kulisema, kwa sababu wakulima walipigania haki ya kufunguliwa barua mbele yao, na wameibiwa vya kutosha gizani. Hata hivyo, orodha ya nani aliandika ngapi ndiyo kifaa cha kwanza ambacho kundi la njama linakihitaji ili kuhakikisha hakuna aliyevunja ahadi. Ningependelea barua zifunguliwe mbele ya wawakilishi wa wakulima na mkaguzi, mkutano utangaziwe bei zilizoshinda na tani zake, na orodha kamili yenye majina ya makampuni itolewe msimu ukiisha. Mfumo wa kompyuta unaweza kufanya hivyo bila taabu, kama aliyeuandikia kanuni ameambiwa. Kuwa na skrini mahali pa sanduku peke yake hakubadilishi mchezo. Kinachobadilisha ni skrini ile inamwonyesha nani nini, na saa ngapi.

Na mnunuzi wa tatu, wa nne, wa kumi atoke wapi? Angalia kinachomzuia. Dhamana kubwa inayotakiwa kabla ya kushiriki inamzuia tapeli asiyelipa, na kweli wapo, lakini ikipita kiasi inamzuia pia mbanguaji wa Masasi mwenye mtaji wa kati. Mzigo mdogo kabisa ukiwa wa mamia ya tani, mnada umeshamfukuza bila kumwambia. Ratiba ikibadilika siku mbili kabla, mgeni wa nje anakosa. Mabishano ya kila msimu kuhusu bei elekezi yangepungua makali kama nusu ya nguvu hiyo ingeelekezwa kwenye masharti haya madogo madogo ya kwenye tangazo la zabuni.

Mgeni ana hofu nyingine, na hii inamhusu kila anayeshiriki mnada. Mfano wangu ulidhani kila mnunuzi anaujua ukomo wake. Kwa korosho si kweli kabisa. Thamani yake kwa wote inategemea kiini kitakachotoka zikibanguliwa, na bei ya kiini miezi miwili ijayo. Kila mmoja anakisia, na mshindi ni yule aliyekisia juu kuliko wote. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield walieleza kwa nini makampuni yaliyoshinda vitalu kwenye Ghuba ya Meksiko yalipata faida ndogo kuliko yalivyotarajia: kushinda kwenyewe kulikuwa dalili kwamba wamekisia kupita kiasi. Mnunuzi makini hujiuliza kabla ya kuandika, "Nikishinda, ina maana wenzangu wote wameona thamani iko chini yangu. Je, bado naitaka kwa bei hii?" Jibu humfanya apunguze, na kadiri asivyoujua mzigo ndivyo anavyopunguza zaidi. Wenyeji wenye mtu wao ghalani hupunguza kidogo, mgeni hupunguza sana, anashindwa, mwaka unaofuata haji.

Dawa yake iko kwenye uchambuzi wa Paul Milgrom na Robert Weber wa mwaka 1982. Mwuzaji anayetangaza kwa ukweli kila anachokijua kuhusu mzigo, kizuri na kibaya, kwa wastani anapata bei kubwa zaidi, kwa sababu hofu ya kukisia vibaya inapungua kwa wote. Milgrom na mwalimu wake Robert Wilson walipewa Nobel mwaka 2020 kwa kazi za namna hii. Kwa ghala la Newala maana yake ni sampuli inayochukuliwa na mtu asiye na maslahi, unyevu unaopimwa na kuandikwa, kiwango cha kiini kwa kila gunia kinachotajwa ghala kwa ghala, na cheti ambacho mnunuzi aliyeko Ho Chi Minh City kule Vietnam au Kollam kule India anakisoma kabla ya kuandika bei na akipokea mzigo anakuta hakikumdanganya. Gharama yake ni mizani, kipima unyevu, kisu cha kupasulia na mtu mwaminifu katika kila ghala kuu.